"Wengi Tu" Ni Wangapi?



Juzi tulikuwa tumekaa barazani Msambweni, mmoja wetu akasema: "Wageni wamejaa hapa, wanatumalizia nafasi." Nikamuuliza, wageni gani? Akajibu, Wamakonde. Nikamuuliza tena, ni wangapi? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wengi tu."

Hilo "wengi tu" ndilo nililokuja nalo leo.

Sensa ya Agosti 2019 ilihesabu watu 866,820 Kwale. Wamakonde walioandikwa Kenya nzima walikuwa 3,764. Hata ukiwakusanya wote ukawaleta Kwale, katika kila watu 1,000 hawafiki 5. Sasa nafasi zetu amezimaliza nani?

Tuje kwenye neno "mgeni". Wazee wao walitoka Msumbiji enzi za mkoloni, wakaja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na ya miwa, Ramisi ikiwemo. Wakazaa hapa, wakazikana hapa. Wanaopima uhamiaji duniani, Umoja wa Mataifa ukiwemo, swali lao kubwa ni hili: ulizaliwa nchi gani? Mtoto aliyezaliwa Msambweni hajahama popote. Kwa kipimo hicho, yeye si mhamiaji.

Lakini uraia wa Kenya haupatikani kwa kuzaliwa kwenye ardhi hii peke yake. Unarithiwa kwa baba au mama. Kama baba hana karatasi na mama hana, mtoto naye hana, na mjukuu vilevile. Ndivyo mtu anavyofanywa mgeni bila kuvuka mpaka hata siku moja.

Na kukosa kitambulisho si jambo dogo. Laini ya simu unaomba usajiliwe kwa jina la mwenzio. M-Pesa ni ya mwenzio. Kazi ya hoteli Diani unaambiwa "leta ID". Kura huna. Shamba ulilolima tangu utotoni haliwezi kuandikwa jina lako.

Oktoba 2016 Wamakonde walichoka kungoja. Wakatoka huku Kwale, wakafunga safari ya miguu kwenda Nairobi kumwona rais. Uhuru Kenyatta akaamuru waandikishwe kabla ya Desemba kuisha. Mapema 2017 wakapewa vitambulisho, nchi nzima ikaanza kuwaita kabila la 43.

Hebu tufikirie hapo. Kati ya 2016 na 2017 watu walikuwa ni walewale, nyumba zilezile, lugha ileile. Kilichobadilika ni orodha ya serikali. Wenzetu Wapemba, wavuvi wa tangu zamani kwenye mwambao wetu, walingoja mpaka 2023 ndipo wakatambuliwa.

Halafu nenda Diani. Kuna Wazungu wamejenga ufuoni, wanaishi miaka na miaka. Umewahi kusikia mtu akisema "wamejaa"? Hao tunawaita wawekezaji. Kwa hiyo tunapomwita mtu mgeni, mara nyingi hatujahesabu vichwa wala kuuliza alizaliwa wapi. Tumeangalia mfuko wake na karatasi yake tu.

Sisi vijana wa Kiislamu wa Pwani tungepaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine. Wangapi hapa walipokwenda kuomba kitambulisho waliulizwa cheti cha babu? Wangapi waliambiwa, "Jina hili ni la Kenya kweli?" Uchungu ule unaujua. Basi usiugeuze ukamchapie jirani yako.

Nawaomba mambo mawili. La kwanza, ukisikia "wamejaa", uliza kwa upole: ni wangapi, na nani aliwahesabu? Usisambaze maneno kwenye grupu kabla hujapata jibu.

La pili ni la kazi. Mtaani kwako yuko mtoto ambaye hana cheti cha kuzaliwa. Awe Mmakonde, Mpemba, Mdigo, haidhuru. Wiki hii mwulize mamake, kisha mfuatane naye kwa chifu mpaka fomu ijazwe. Akifika miaka 18 bila kile cheti, atauanza mlima uleule waliopanda babu zake.

Wabillahi tawfiq.