Ndugu Asiyekula Chapati



Ndugu zangu Waislamu, hebu itazameni sinia ya futari. Kaimati, mahamri, sambusa, chapati, tambi: zote ngano. Chukua donge la unga uliokandwa, ulioshe polepole majini. Wanga utatoka mweupe kama maziwa, na mkononi utabakiwa na kitu kinachonata na kuvutika. Hiyo ndiyo gluteni, mkusanyiko wa protini, kubwa zake mbili ni gliadini na glutenini. Bila hiyo chapati haisukumiki.

Kwa wengi wetu gluteni haina neno, na wanaosema ngano ni sumu kwa kila mtu wanatia chumvi. Lakini karibu mtu 1 katika kila 100 duniani ana maradhi ya siliaki. Huyu akila ngano, au hata shayiri, kinga ya mwili hugeuka ikashambulia utumbo wake mwenyewe. Utumbo mwembamba una vijinyuzi kama vya zulia, ndivyo vinavyofyonza chakula. Vikiharibika, mtu anakula lakini mwili haupati. Mtoto anaharisha, tumbo limevimba, hakui. Mtu mzima damu inampungukia, anameza vidonge na bado.

Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa akiushuku mkate. Ikaja njaa ya 1944-45, mkate ukaadimika, wagonjwa wake wakapata nafuu. Uliporudi, wakaugua tena.

Msiseme ni ugonjwa wa Wazungu. Utafiti uliochapishwa 1999 uliwakuta nao zaidi ya watoto 5 katika kila 100 waliopimwa miongoni mwa Wasahrawi, Waislamu wenzetu wa jangwani.

Basi mgeni wako akiikataa chapati, usimwambie anajidai, wala usimbembeleze eti kidogo tu. Jamani, hicho kidogo ndicho kinachomdhuru! Uji wa shayiri pia haumfai. Mpe vitumbua au mkate wa kumimina wa mchele mtupu, muhogo, ndizi, viazi. Ila usivikaange kwenye mafuta yaliyotoka sambusa.

Na wewe unayejishuku, usiache ngano kabla ya kupimwa damu. Ukiacha mapema, kipimo chaweza kuonyesha huna kitu na kumbe unao. Ukithibitishiwa, dawa ni kuiepuka gluteni maisha yote, si Ramadhan peke yake.

Wabillahi tawfiq.