Baada ya Fulana na Hotuba

Msikilizaji wa Kibera na Kawangware, Oktoba 10 ni Siku ya Afya ya Akili Duniani. Desemba 3 ni ya Watu Wenye Ulemavu. Vyuo hugawa fulana, hotuba hutolewa. Sawa. Lakini mwanafunzi anayetembea kutoka Laini Saba, Kibera, au 56, Kawangware, hana nauli wala chamcha, haponi kwa fulana. Na mwenye kiti cha magurudumu, anayebebwa ngazini kama gunia, Katiba ya Kenya, Kifungu cha 54, inampa haki ya kufika darasani.

Jambo jingine: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa sheria ya kuadhibu jaribio la kujiua inakiuka Katiba. Kwa hivyo, ukilemewa usijifiche. Piga 1199, Msalaba Mwekundu, bila malipo.