Mchezo wa Kisahani Bustanini



Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 autumie mwili wake kwa nguvu wastani wa dakika 60 kila siku. Je, wako anafikisha, ama anashinda mbele ya televisheni?

Jaribuni gofu ya kisahani, mchezo ulioenea Marekani tangu miaka ya 1970. Mchezaji hurusha kisahani cha plastiki kuelekea kikapu chenye minyororo. Kinapoangukia, hapo ndipo anaporushia tena. Anayefika kwa mitupo michache ndiye mshindi.

Hapa Nyeri, Karatina ama Nanyuki si lazima kununua chochote. Chukua kifuniko cha plastiki cha mkebe wa mafuta ya kupikia, kisicho na makali. Katika bustani ya umma, chagueni miti mitano iwe vikapu vyenu. Nawe mama usikae kwenye benchi. Tembea nao, moyo wako pia unafaidika.

Lakini tunza macho! Kila mtu asimame nyuma ya anayerusha. Mtoto akigongwa jichoni, asilisugue. Usitie dawa ya kienyeji wala maziwa ya mama. Akiona ukungu, jicho likiwa na damu, ama maumivu yakizidi, mpeleke hospitali mara moja.

Mkirudi nyumbani, naweni mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Kwaheri, hadi kipindi kijacho.