Kujiandaa Kabla Huduma Hazijakatika
(Mada iliyotolewa kwa wakazi wa Dar es Salaam katika mkutano wa elimu kwa watumiaji wa huduma)



Mwezi Oktoba 2022, kina cha Mto Ruvu kilishuka kwa sababu ya ukame, na jiji hili likagawiwa maji kwa zamu. Tarehe 1 Aprili 2024, hitilafu katika Gridi ya Taifa iliziacha sehemu kubwa za nchi bila umeme. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, nyaya mbili za mawasiliano zilizopita chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima.

Matukio hayo yalikuja moja moja. Hata hivyo, huduma hizi zimefungamana. Maji ya Ruvu husukumwa kwa mitambo ya umeme. Minara ya simu hutegemea umeme, na betri zake zina ukomo. Uniti za LUKU hununuliwa kwa mtandao. Kwa hiyo hitilafu moja ikidumu, mwananchi aweza kukosa taa, maji na hata njia ya kuzifikia fedha zilizo ndani ya simu yake.

Tuanze na maji. Mtu mzima huhitaji takriban lita 3 za kunywa kwa siku. Familia ya watu watano, kwa siku tatu, itahitaji lita 45. Yaani madumu matatu ya lita 20 yanatosha, hata kwa mpangaji wa chumba kimoja asiye na tangi. Yawe madumu safi, yenye vifuniko, ambayo hayakuwahi kutiwa mafuta wala kemikali. Maji ya kufua na ya chooni yatengwe mbali. Maji ya kisima au ya boza yachemshwe hadi yatokote, au yatiwe dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Pili, umeme. Usingoje uniti zibaki mbili ndipo ununue. Umeme ukikatika, chomoa friji, televisheni na pasi, uache swichi ya taa moja ikiwa imewashwa ili ujue umerudi. Friji isiyofunguliwa hutunza baridi kwa saa 4 hivi. Friza iliyojaa, hadi saa 48. Mwenye kutumia insulini amuulize mfamasia mapema namna ya kuihifadhi.

Tatu, usalama. Jenereta isiwashwe ndani ya nyumba wala barazani karibu na dirisha, na jiko la mkaa lisilale chumbani na watu. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua mtu akiwa usingizini. Waya ulioanguka usiguswe kamwe, hata kama mtaa mzima uko gizani, kwa kuwa umeme waweza kurudi wakati wowote.

Nne, fedha. Weka akiba ndogo ya noti na sarafu, ya kutosha nauli na chakula cha siku tatu.

Ndugu wakazi, maandalizi haya hayamwondolei mtoa huduma wajibu wake. Mna haki ya kupewa taarifa ya matengenezo yaliyopangwa na kuelezwa sababu za kukatika kwa huduma. Kifaa kikiungua, andika tarehe na saa, kipige picha, tunza risiti, kisha wasilisha malalamiko kwa mtoa huduma na udai namba ya kumbukumbu. Usiporidhika na majibu, yalete kwa Mamlaka pamoja na namba hiyo.

Mwisho, kila mtaa uwatambue mapema wazee wanaoishi peke yao, wagonjwa wanaotegemea mashine, na mama wenye watoto wachanga. Simu zikizima, hawataweza kumwita mtu. Jirani ndiye atakayebisha hodi, na ni lazima awe anaujua mlango.