Chikori Nyekundu Katika Bustani za Kilungu



Mkulima wa Kilungu huzijua kunde, kabichi na sukuma wiki tangu utoto wake. Mboga inayoelezwa leo ni ngeni kwa wengi, nayo huitwa chikori nyekundu. Kwa mbali mtu aweza kuidhania kabichi ndogo, ila majani yake ni ya rangi ya damu ya mzee, yenye mishipa myeupe, na ladha yake ni chungu. Hata hivyo, ukoo wake si mgeni. Ni ndugu wa saladi, na ndugu wa mchunga, ile mboga chungu ambayo watu wa pwani huichuma na kuila. Mabingwa wa kuilima ni watu wa Italia ya kaskazini, na aina zake huitwa kwa majina ya miji ya huko, kama Chioggia, Verona na Treviso.

Mboga hii hupenda baridi. Jua kali huizidishia uchungu na kuifanya itoe shina la maua kabla ya kufunga. Baridi ya usiku huikoleza rangi. Kwa hiyo vilima vya Kilungu vyaifaa kuliko nchi kavu ya chini. Lakini hapo ndipo penye shida: miezi ya baridi, tangu Juni hata Agosti, ndiyo miezi ya ukame. Baridi ikija, mvua imekwisha.

Basi hapana budi kupanda kwa kipimo cha maji ya nyumba, wala si kwa kipimo cha ardhi. Miche 20 yatosha kwa kuanza, nayo hutaka mahali pa futi 4 kwa futi 5 tu. Debe moja la lita 20 likigawanywa, kila mche hupata lita 1. Nyumba isiyoweza kutenga debe hilo mara kwa mara wakati wa kiangazi na ipande miche michache zaidi.

Mbegu zipandwe kitaluni katikati ya Aprili, kwa kina cha robo inchi, na kitalu kitiliwe kivuli chepesi. Baada ya majuma matano hivi, miche ikiwa na majani manne au matano, ihamishwe jioni, udongo ukiwa bado na unyevu, na kati ya mche na mche uachwe mwendo wa futi moja. Samadi iwe ile iliyooza vizuri. Nyasi kavu zitandazwe juu ya udongo ili maji yasipotee upesi.

Mahali pazuri ni nyuma ya tuta, karibu na nyumba. Milima ya Machakos, ambayo Kilungu ilihesabiwa pamoja nayo mpaka Makueni ilipofanywa wilaya mwaka 1992, yasifiwa mbali kwa matuta ya fanya juu. Mtaro huchimbwa, na udongo wake hutupwa upande wa juu ukawa kizuizi. Mvua ya Aprili ikizuiliwa hapo, unyevu wake hudumu shambani. Apandaye penye mteremko mtupu hupoteza maji na udongo pamoja.

Maji yaliyosuuzia mboga yafaa kutumiwa tena, lakini yamwagwe shinani, si juu ya majani, maana majani haya huliwa hata mabichi. Maji yenye sabuni nyingi yasitumiwe.

Miezi miwili au mitatu baada ya kuhamishwa, kichwa kibonyezwe kwa vidole. Kikiwa kigumu, kikatwe asubuhi kwa kisu kikali, karibu na ardhi. Kikiachwa mno huoza au hutoa maua. Majani ya nje apewe mbuzi. Shina lililobaki huweza kuchipua majani madogo, yaliyo mazuri kwa chakula.

Jikoni, majani yakatwe na kulowekwa katika maji baridi ili uchungu upungue, kisha yaliwe mabichi au yakaangwe kidogo kwa kitunguu. Watoto wapewe machache kwanza, yakichanganywa na mboga waliyoizoea.

Wala sukuma wiki ising'olewe kwa ajili ya mgeni huyu. Sukuma wiki huchumwa jani kwa jani kwa miezi mingi, hali chikori hukatwa kichwa kizima mara moja. Naye mwenye nia ya kuuza na atafute mnunuzi kwanza, ndipo anunue mbegu. Kwa maana mboga chungu isiyojulikana sokoni hurudi nyumbani pamoja na mwenyewe.