Haki Haimfikii Aliyefungiwa Ndani
(Maneno ya Afisa Ustawi wa Jamii kwa wazazi na walezi)



Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 humtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Aidha, halmashauri hutenga asilimia 2 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo yao isiyo na riba. Lakini haki hizo hazimfikii aliyefungiwa ndani.

Mtu mzima mwenye ulemavu wa akili aweza kufuga kuku au kusuka mikeka, akielekezwa hatua kwa hatua kwa subira.

Wazazi hatudumu. Siku tutakapoondoka, nani kijijini atakuwa amemzoea mwanetu? Mwandikisheni kwa mtendaji. Mpelekeni sokoni, shambani na mikutanoni.