Nimepona Homa ya Ini C: Naishije Sasa?

(Mazungumzo ya mwanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



Kamati ya sherehe iliniomba nizungumze juu ya afya na akiba. Nikauliza, afya ya nani? Wakanijibu, ya kwako. (Kicheko.) Basi nitasema ya kwangu, na najua sufuria ziko jikoni zinatungoja.

Wengi wenu mnajua kwamba niliugua homa ya ini aina ya C. Mnajua pia kuwa nilitibiwa nikapona. Lakini wapo waliosikia lile la kwanza tu. Mwaka jana mkwe wangu alipojifungua alihitaji damu, nami nikajitokeza pamoja na ndugu wengine. Damu yangu ikapimwa, ikaonyesha alama ya C, nikaambiwa nikae pembeni. Hilo lilikuwa sawa, ndiyo kanuni ya kulinda wagonjwa, sina ugomvi nalo. Ila kabla sijafika nyumbani, habari ilikuwa imenitangulia kwa pikipiki: eti ugonjwa umerudi, eti hakupona, alitudanganya. Wiki mbili baadaye niliomba mkopo wa mbolea na vibarua wa kahawa, mdhamini wangu mmoja akajitoa. Sikumkasirikia. Aliogopa kulipa deni la marehemu, na mimi ningekuwa yeye labda ningeuliza maswali yale yale. Leo nataka kujibu maswali hayo mbele ya wote.

Homa ya ini ziko aina kadhaa: A, B, C, D na E. Hii ya C inaletwa na virusi vinavyokaa katika damu na kulishambulia ini polepole, miaka ishirini, miaka thelathini, bila maumivu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 50 duniani walikuwa nayo, na watu 242,000 walikufa kwa ajili yake mwaka huo. Inapita kwa damu kukutana na damu: sindano iliyotumika, wembe wa chale, vifaa vya kukatia kimeo, damu ya kuongezewa isiyopimwa. Mama mjamzito anaweza kumpa mtoto, lakini ni kama watoto 6 tu katika kila 100. Haipiti kwa sahani, kikombe, kupeana mkono, kukumbatiana wala maziwa ya mama. Naomba hili la kikombe mlikumbuke, nitalirudia.

Mimi niliipata wapi? Sijui, na daktari aliniambia nisijisumbue kutafuta. Sisi wa umri wangu tunazikumbuka sindano za kuchemsha, sindano moja foleni nzima. Kule Misri ndivyo maelfu kwa maelfu walivyoambukizwa. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzo wa miaka ya 1980, serikali yao iliwachoma watu sindano za kutibu kichocho vijijini, sindano zikarudiwa, na kumbe zilikuwa zikigawa C. Nia ilikuwa njema kabisa. Hakuna aliyejua, maana virusi vyenyewe viligunduliwa mwaka 1989 tu. Wanasayansi watatu, Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020 kwa kazi hiyo.

Nawaeleza haya kwa sababu bado kuna mtu akisikia C anafikiria tabia mbaya. Jamani, kuna bibi wa miaka themanini aliyeipata akitibiwa kichocho.

Dawa nazo zina historia yake. Zamani mgonjwa alichomwa sindano ya intaferoni kila wiki pamoja na vidonge, miezi sita hata mwaka, anatetemeka kwa homa, nywele zinapungua, moyo unakata tamaa, na mwisho karibu nusu ya wagonjwa hawakupona. Mwaka 2013 ikatoka dawa mpya ya kumeza, sofosbuvir. Marekani ilianza kuuzwa dola 84,000 kwa matibabu ya wiki 12. Yaani kidonge kimoja dola 1,000! Chukueni hisa zetu zote za miaka kumi, wanachama wote, mhesabu vidonge vingapi. (Kicheko na miguno.) Lakini baadaye viwanda vya nchi nyingine viliruhusiwa kutengeneza dawa hizo, na bei ikaporomoka. Jirani zetu wa ng'ambo ya mto Kagera, Rwanda, walitangaza mwezi Desemba 2018 mpango wa miaka mitano wa kuitokomeza C, wapime watu milioni 4 na kutibu zaidi ya 100,000, na dawa waliipata kwa kama dola 60 kwa mgonjwa. Kabla ya hapo walikuwa wamejaribu dawa ya aina hiyo kwa Wanyarwanda 300 kule Kigali, wakapona 261. Misri nao waliwapima karibu watu milioni 50 kati ya mwaka 2018 na 2019, na Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likawapa cheti cha ngazi ya dhahabu. Nchi iliyokuwa inaongoza kwa ugonjwa!

Mimi nilimeza vidonge wiki 12, kimoja kila siku, saa moja jioni. Kichwa kiliuma kidogo wiki ya kwanza, basi. Kilichonichosha ni nauli. Nilikwenda mbali, nje ya mkoa wetu, mara nne, na mnakumbuka mara mbili nauli ilitoka katika mfuko wetu wa jamii. Nilipomaliza dawa hawakuniambia nimepona. Waliniambia nikae wiki 12 nyingine bila dawa, ndipo nirudi kupimwa. Ngoja-ngoja ile, waitu, ilikuwa ndefu kuliko dawa yenyewe. Nikarudi, wakatafuta virusi katika damu, hawakuvikuta. Huko ndiko kupona. Daktari alisema mtu akifika hapo, virusi vile havirudi vyenyewe.

Sasa kwa nini damu yangu ilikataliwa mwaka jana? Hapa nisikilizeni vizuri, hasa yule aliyejitoa udhamini, na simtaji.

Vipimo ni viwili. Cha kwanza ni kile cha haraka, cha tone la damu. Hicho hakitafuti virusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili ulitengeneza ulipovamiwa. Virusi vikiisha, askari wanabaki katika damu miaka mingi, pengine maisha yote. Kwa hiyo mtu aliyepona miaka kumi iliyopita, ukimpima kwa kipimo cha haraka, atasoma anayo. Kipimo cha pili ndicho kinachotafuta virusi vyenyewe. Kinaweza kufanywa hata na mashine ile ya GeneXpert inayopimia kifua kikuu, ikiwa kuna vifaa vyake vya C.

Mweka Hazina anisaidie. Fungueni daftari la mwaka wa pili wa kikundi. Jina langu lipo kwenye ukurasa wa mikopo, shilingi na riba, kwa wino wa bluu. Nililipa. Mstari haukufutwa, wala haufutwi, kwa sababu ndio kumbukumbu ya kikundi. Je, kuna mtu anayeweza kunidai leo kwa sababu jina langu limo katika ukurasa ule? (Wanachama: Hapana!) Haya. Kipimo cha haraka kinasoma ukurasa wa zamani. Ukitaka kujua kama nina deni leo, soma ukurasa wa leo.

Damu sitoi tena, hilo nimelikubali. Ndugu zangu watanitolea, nami nitawapikia.

Ila kupona virusi hakufuti kila kitu, na nisingependa mtu aondoke hapa akidhani nauza miujiza. Virusi vilikuwa vimekaa kwangu miaka mingi, vikaacha makovu katika ini. Mwenye makovu machache, ini hujirekebisha kidogo kidogo. Mwenye mengi, yaani ini lililosinyaa, hatari ya saratani ya ini inapungua sana lakini haiishi, hivyo anatakiwa apigwe ultrasaundi kila miezi sita hata baada ya kupona. Mimi ni mmojawapo. Kila Januari na Julai mnaniona sipo kikaoni siku moja, nalipa faini yangu ya kutokuwepo, naondoka. (Kicheko.) Sijarudiwa na ugonjwa. Nakwenda kukagua nyumba.

Uchovu je? Kwangu ulipungua baada ya miezi kadhaa. Nakwea tena mteremko wa shamba bila kupumzika mara tatu. Wapo wengine wanaopona na uchovu unabaki muda mrefu, kwa hiyo msimpime mmoja kwa mwenzake.

Rubisi nimeacha kabisa, na enkonyagi zaidi. Kwa ini lenye makovu, pombe ni kama kuchoma moto shamba lililokwisha kuungua. Hili nililiona gumu kuliko vidonge. Katika sherehe zetu, mtu akikataa kibuyu anaulizwa kama amekosana na wenye nyumba. Nimejifunza kupokea, kushukuru, na kumpa jirani yangu wa kulia. Majirani wa kulia wamekuwa wengi siku hizi, wanagombea kiti. (Kicheko kirefu.)

Jambo jingine ambalo watu hawalifikirii ni mahindi na karanga. Zikivunwa mbichi na kuwekwa penye unyevu zinaota ukungu, na ukungu ule hutoa sumukuvu, inayoharibu ini na kuleta saratani yake. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Siyo mbali na sisi kwa mawazo, maana msimu wa mvua ndefu tunaanika juu ya udongo na kuombea jua. Nimenunua turubai kwa mkopo wangu wa mwaka juzi, na nachagua punje kabla ya kusaga. Zilizooza hata kuku siwapi.

Na kahawa! Sisi watu wa Karagwe na Kyerwa tunapalilia kahawa mwaka mzima, tunaiuza, kisha tunakunywa chai. Uchunguzi wa nchi mbalimbali umeona kwamba wanywaji wa kahawa hupatwa kwa uchache zaidi na makovu ya ini na saratani ya ini. Siyo dawa, sitaki mtu aache kwenda hospitali. Lakini asubuhi nakunywa kikombe cha ya kwangu bila sukari nyingi, na mgeni akija bado namkaribisha kwa akamwani kama mama yangu alivyofanya.

Nilichanjwa pia homa ya ini B, maana hiyo chanjo ipo. Watoto wetu wanaipata kliniki tangu mwaka 2002. Ya C haina chanjo, na kupona hakukukingi: ukikutana na damu yenye virusi unaambukizwa upya kama mtu mwingine yeyote. Ndiyo maana nyumbani kwangu kila mtu ana wembe wake na mswaki wake. Ikitokea chale, na ninajua bado zinachanjwa, wembe ufunguliwe mbele ya macho yako.

Sasa nirudi kwenye kikombe. Baada ya ile habari ya damu, katika vikao viwili kikombe changu cha uji kiliwekwa kando peke yake. Aliyekiweka ana moyo mzuri, tena huyo huyo alinipalilia shamba nikiwa kwenye dawa. Hata ningekuwa na virusi leo, kikombe kisingemdhuru. Akitaka kuendelea, basi akioshe vizuri, kimeanza kutoka rangi. (Makofi.)

La mwisho ni hoja, na nimeiandika kwa Katibu. Katiba yetu ina kifungu kinachosema mwanachama mwenye ugonjwa wa muda mrefu asikopeshwe zaidi ya hisa zake. Tulikiweka mwaka wa tatu, tulipopoteza wenzetu wawili wenye madeni, na nakumbuka nilinyoosha mkono kukiunga. Naomba kikundi kiamue mambo mawili. Kwanza, mwenye cheti cha kipimo cha pili kinachoonyesha hana virusi asihesabiwe chini ya kifungu hicho. Pili, mwanachama anayeambiwa ana C kwa kipimo cha haraka akopeshwe na mfuko wa jamii, bila riba, nauli na gharama za kipimo cha pili. Asikae miaka akijiona maiti kwa ajili ya ukurasa wa zamani, wala asikae na virusi kweli kweli akiogopa kutajwa, wakati dawa ya wiki 12 ipo na inaponya zaidi ya watu 95 katika 100.

Cheti changu kiko kwa Katibu, yeyote aende akisome. Hoja itapigiwa kura Jumatano, kikao cha kawaida, saa nane. Naombeni mfike mapema ili akidi itimie.